Pasta na Jicho la Kifaa

Jumatano, Chwele

Ati nuru haiwezi kuharibu kitu, anasema mama!

Keshokutwa kifaa changu cha kupima chembe za atomu kinapanda ndege kwenda ng'ambo, kujaribiwa kwenye mashine ya kuharakisha chembe. Nimekifunika kitambaa cheusi, maana jicho lake likipata mwanga stima ikiwa imewaka, linaungua. Mama nilimweleza. Lakini kwetu msafiri haondoki bila maombi, na kwa mama kifaa nacho ni msafiri. Akamwita pasta.

Nilikiacha kimewaka, nikatoka kushika kuku wa pasta. Kurudi, kitambaa kiko chini, kifuniko cha kifaa kimefunguliwa, na pasta, mkono juu ya jicho lake, anakemea giza.

"Pasta, giza ndio tunataka!" nikapiga kelele.

"Shindwe!" akanijibu, macho amefumba.

Nikarukia swichi. Kumbe stima, ambayo nimeilaani wiki nzima kwa kupotea, ilikuwa imepotea tena. Jicho liko sawa.

Mama anasema ni maombi yaliyoikata. Jumapili nisimame nitoe ushuhuda.

Shida ni kwamba, na digrii zangu zote, sijui nitampinga vipi.