Mei Mosi Tulipozima Moto wa Jikoni

Mjukuu wangu Neema,

Mwakeye, mama. Huku Kitanga tumeamka salama. Maharage yanakauka shambani, na shangazi yako Eliza amerudi kutoka Kibondo na kichanga cha kiume, chenye sauti kubwa kuliko ya babu yako.

Umeniuliza kama siku uliyozaliwa, Mei Mosi, iliwahi kuwa na jambo la kukumbukwa huku kwetu, maana kwenye simu umeona ya ng'ambo tu. Lipo moja, na nilikuwepo.

Nilikuwa msichana, mpishi wa shule moja Kasulu. Kila Mei Mosi walimu waliandamana, sisi wapishi tukabaki kuwapikia wageni. Mwaka ule nikamwambia mkuu wa shule kwamba tutaandamana.

"Hii ni siku ya wafanyakazi," akasema.

"Na sisi hapa jikoni tunafanya nini?"

"Wageni watakula nini?"

"Watakula tukirudi."

Mwenzangu Mama Yona akamwaga maji kwenye moto, majivu yakaturukia usoni. Tukatoka hivyo hivyo, miiko mikononi, tukaingia katikati ya mstari wa walimu. Tukatembea nao mpaka uwanjani. Wapo waliocheka. Wengine wakasogea, wakatupa nafasi.

Wageni walikula jua likizama. Mwaka uliofuata mkuu wa shule alikuja mwenyewe jikoni kutuuliza kama tungependa kutembea mbele au nyuma.

Tulisema mbele.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea huko Dodoma.