Amani na karata za jirani

Yaya Furaha,

Nakusalimia sana toka huku kambini Dzaleka, mvua inapiga manjanja ya paa hata hatusikiani. Mudogo wetu Amani amekonda. Toka mke wake afariki, bantu bakipiga hodi anajifanya amelala.

Jana nikiwa kwake, jirani yake Mburundi, mama Spesi, alikuya na rafiki yake na mchezo mupya wa karata toka Lilongwe. Kila mutu anaanza na karata chache zisizo na nguvu, halafu kila zamu anachukua nzuri zaidi pa meza na kuzichanganya na zake, mupaka anajijengea fungu lenye nguvu.

"Mi sichezi," Amani akasema. "Naangalia tu."

"Basi unishikie hizi," mama Spesi akamujibu, akamuwekea karata mukononi.

Tulicheza huku tunakula nsima, ugali wa huku, na samaki badogo ba usipa. Amani alishindwa vibaya, akacheka, Yaya, mupaka akakohoa! Bageni balipoaga, njo yeye alibasindikiza mulangoni.

"Kesho mutakuya saa ngapi?" akabauliza.

Leo ulale bila mawazo. Busu batoto bote.

Mudogo wako, Riziki