Maji ya Siku Isiyo Yetu

Jumapili, Machi 1952. Old Moshi.

Jua tena. Mlima uko wazi tangu asubuhi, hauna hata kipande cha wingu, na Bibi anasema ukijionyesha namna hii basi mvua bado iko kwa watu wengine. Vumbi limeingia mpaka kwenye vitabu vya nyimbo.

Naandika kwa Kiswahili, kama kawaida yangu. Bibi anasoma Kichagga tu, na Elia mdogo wangu bado anasoma kwa kidole. Si kwamba wana tabia ya kuchungulia. Ni mimi tu. Nina haya hata mbele ya karatasi.

Leo Mchungaji amehubiri kwamba dhambi inaambukiza kama upele. Amesema mtoto mmoja mwenye upele akilala kitanda kimoja na wenzake, siku si nyingi kila mmoja anajikuna, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Upande wa wanaume mzee mmoja akajikuna shingo bila kujua, na sisi wasichana wa kipaimara tukainamisha vichwa kucheka. Mimi pia nilicheka. Halafu nikaacha.

Mimi namkumbuka aliyeanza.

Ilikuwa Jumanne, na Jumanne si siku yetu ya maji. Mfongo wetu, yaani ule mfereji unaoleta maji kutoka mtoni juu, unapita kihamba kwa kihamba, yaani shamba la kila nyumba, mpaka kwa mtu wa mwisho kule chini. Kila nyumba ina mlango wake, tundu tu kwenye ukingo, linalozibwa kwa jiwe na udongo. Siku yako unazibua. Siku ya mwenzako unayaacha maji yapite, hata kama migomba yako imekunja majani inakutazama. Sisi ni Jumatatu na Alhamisi. Tena mlango ni kazi ya wanaume, msichana haugusi.

Jumatatu ile maji yote yalikwenda kwenye kahawa, hayakufika kwenye magimbi ya Bibi nyuma ya jiko. Mama yuko Machame kwa dada yake aliyejifungua, kwa hiyo Bibi akabaki anamwagilia mwenyewe kwa kibuyu, anakwenda na kurudi, na mgongo wake ule.

Nilizibua mlango kwa ajili ya Bibi.

Hapana. Nimeandika hivyo ili nionekane mzuri. Bibi alikuwa ameniomba nikamtekee maji, na mimi nilikuwa nimefika mahali patamu kwenye kitabu cha Kiingereza nilichoazimwa shuleni. Nilimhurumia na nilikuwa mvivu, vyote pamoja. Huruma niliitanguliza mbele ili uvivu upite nyuma yake bila kuonekana.

Niliyaacha maji yaingie kidogo, mpaka tuta likawa jeusi, nikaziba. Ila sijawahi kufundishwa kuziba. Niliweka magome ya mgomba na udongo, jiwe sikuweka. Nikanawa miguu, nikarudi kwenye kitabu changu. Kumbe huku nyuma maji yaliendelea kuvuja.

Elia alikuwa amekaa ukingoni, ananitazama. Ana miaka saba na hupenda kunitazama ninapofanya lolote, hata nikichambua mchele. Nilimwambia, “Usimwambie mtu. Ni maji kidogo tu.”

Akaitika kwa kichwa, amefurahi kwamba tuna siri.

Kesho yake akauzibua yeye. Alitaka bwawa la kuelesha mashua zake za magome ya mgomba. Bibi alipomwona miguu imejaa matope akamuuliza ametoka wapi, naye akamtazama usoni na kusema, “Ni maji kidogo tu, Bibi.” Kwa sauti yangu. Hata kichwa alikiinamisha upande kama mimi. Nilikuwa namenya ndizi, nikajikata kidole.

Jioni ile ile Mama Elisante, jirani yetu wa chini, akapita kuomba moto. Ni mama mcheshi, huwa anaanza kucheka kabla hajafika uani. Alimsalimia Bibi shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akasema ameona kwetu panavuja, na siku si yetu.

“Nikasema moyoni, kama kwa mzee wa kanisa maji yanapita siku ya watu, mimi mwenye dhambi nimekosa nini? Nami nikazibua wangu. Tutaonana huko mbele ya Mungu, Bibi, tutakuwa kundi.”

Bibi alicheka. Mimi nilikwenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Baba ndiye mzee wa kanisa. Watu hapa wakitaka kujua kama jambo ni halali, huangalia kama Baba analifanya.

Baada ya hapo sijui tena ilivyokwenda, ila naweza kukisia. Aliye chini ya Mama Elisante aliona kwa Mama Elisante. Aliye chini yake akaona kwa huyo. Kila mmoja akichota kidogo tu. Ijumaa nikiwa narudi shuleni nilisikia wanaume wawili njiani wakibishana, mmoja akisema yeye hakuanza, mwenzake akisema na yeye pia hakuanza. Niliwapita kichwa chini. Hawakunitilia maanani, kwa kuwa mimi hupita kichwa chini siku zote.

Jana, Jumamosi, nilikwenda kwa Mama Anaeli.

Mama Anaeli ni mama yangu wa ubatizo. Ni mjane, na kihamba chake ndicho cha mwisho kwenye mfongo. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Huyu ndiye mtu pekee nje ya nyumba yetu ambaye nikiwa naye nazungumza bila kujisikia nazungumza. Ananishonea gauni jeupe la kipaimara, na jana ilikuwa siku ya kulipima.

Mfongo ulipofika kwake ulikuwa udongo uliopasuka. Ng'ombe wake amezaa juzi juzi, na ng'ombe anayenyonyesha hunywa maji kama shimo. Mama Anaeli alikuwa ametoka mtoni na debe kichwani, njia yote ile ya kupanda. Hakulalamika. Alisema labda huko juu mtoni maji yamepungua, Mungu atafanya njia.

Halafu akachota kikombe kimoja kwenye lile debe ili anawe mikono kabla ya kushika kitambaa cheupe. Alinawa polepole juu ya beseni, asimwage hata tone. Yale maji machafu ya beseni akampelekea ndama.

Akarudi, akapiga magoti mbele yangu na pini mdomoni, akaanza kulinganisha upindo. Akasema kupitia zile pini kwamba nimerefuka, kwamba nitapendeza, nisimame wima nisijikunje. Mimi nilisimama katika gauni jeupe, na nilitamani kulivua.

Sikumwambia. Nilisema asante mama, nikaondoka.

Sasa leo. Baada ya ibada walitangaza kikao cha mfongo, alasiri hii hii, kule juu maji yanapoingilia. Kila mwenye nyumba atasimama mbele ya wenzake aseme kama kwake mlango ulifunguliwa siku isiyo yake. Hakuna kuapa wala nini, unasema tu, na neno lako linabaki pale.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani Baba alikuwa anaimba chini chini. Huwa anaimba akiwa na amani.

Hapo ndipo nilipomwelewa Mchungaji, na nikaona kwamba hakusema yote. Baba hakufanya kosa lolote. Hata hajui. Lakini alasiri angesimama mbele ya watu wote wanaomwamini na kusema kwake hakuna neno, na lingekuwa uongo. Angeusema kwa kinywa chake safi, kwa sababu anatupenda na haoni jinsi sisi tungeweza. Dhambi yangu ilikuwa imeshapita kwa Elia, imepita kwa Mama Elisante, imeshuka mpaka chini kwa Mama Anaeli, na sasa ilikuwa inarudi kupanda ili imkute Baba.

Nilimpigia koti pasi. Mkono wa kushoto niliupiga mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Baba akaja kulichukua, akasema, “Nitasema mapema nirudi, mama. Kwetu hakuna neno.” Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Shuleni nimefundishwa maneno mengi ya kutubu, kwa Kiswahili, na Mmishonari alitufundisha mengine kwa Kiingereza. Yote yaliniruka. Nilibaki na Kichagga cha jikoni, na hata hicho kilitoka kidogo kidogo. Nililiambia koti, si Baba. Nilisema, “Baba, kwetu kuna neno. Mlango niliuzibua mimi, Jumanne.”

 Akavuta kigoda, akakaa, koti amelilaza magotini. Nikamwambia yote, magimbi, kitabu, Elia, Mama Elisante. Nilipofika kwenye beseni la Mama Anaeli nilishindwa kuendelea.

 Baba akauliza, “Uliziba kwa kitu gani?”

“Kwa magome ya mgomba.”

“Bila jiwe?”

“Bila jiwe.”

Akafunika mdomo kwa mkono. Nilidhani analia. Alikuwa anazuia kicheko, kisha kicheko kikaisha na uso ukawa mzito, akaonekana amechoka kuliko nilivyowahi kumwona.

Nikaogopa jambo jingine. Namjua Baba. Nikamwambia, “Usiseme ni wewe.”

Alinitazama kwa kushtuka kidogo, na nikajua alikuwa ameshaanza kulifikiria. Akasema, “Lilinijia.” Akavaa koti. Mlangoni akageuka: “Basi sitasema ni mimi. Lakini nitasema ni nyumba yangu. Hilo niachie.”

Akaenda. Hakuimba.

Nilikaa na Bibi jikoni. Elia naye akaja akajibanza, kwa kuwa alikuwa amesikia yote nyuma ya mlango, na akasema na yeye alizibua, na mashua zake atazichoma moto. Bibi akamwambia moto wa kupikia unatosha, azikaushe.

Halafu Bibi akasema neno ambalo sikulitegemea. Alikuwa anachambua majani ya magimbi, laini, mabichi kabisa, ya kupikia leo. Akasema, bila kuniangalia, “Jumanne ile niliona udongo umelowa. Nikasema Mungu amenikumbuka.” Akachambua jani jingine. “Nilijua si Mungu. Mungu hana miguu midogo kama yako. Nikanyamaza, kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma na magimbi yalikuwa yanafurahi.”

Kwa hiyo hata Bibi. Ninayemwona kama mtu ambaye shetani angepita kwake amsalimie shikamoo na aende zake. Nilimkumbatia kwa nyuma, kichwa changu kwenye ule mgongo, tukakaa hivyo. Akasema nimemwegemea vibaya, nisogee kushoto.

Baba amerudi sasa hivi, kabla ya taa kuwashwa. Ametueleza kwa ufupi. Alisimama wa kwanza, akasema mlango wake ulifunguliwa siku isiyo yake, na mtoto wake, na yeye ndiye anayejibu kwa nyumba yake. Ndipo Baba Elisante akasimama, akasema kwake pia, mke wake. Kisha mwingine mmoja. Wengine walisema kwao hapana, na Baba anasema ni juu yao na hataki kumsikia mtu yeyote hapa ndani akikisia ni nani.

Tutatoa siku zetu za maji kwa Mama Anaeli mpaka mvua inyeshe. Baba na wale wawili watausafisha mfongo kuanzia juu hadi kwa Mama Anaeli, na kila mlango utazibwa kwa jiwe. Mimi kazi ya mfongo siruhusiwi, kwa hiyo Baba amenipa yangu: kila asubuhi kabla ya shule nimtekee Mama Anaeli maji ya ng'ombe. Na nimwambie mwenyewe kwa nini. Hilo ndilo zito. Debe naliweza.

Sijui atafanya nini. Labda ataendelea kutia pini kwenye upindo. Labda ataniacha nisimame pale na gauni langu bila kuniambia nimerefuka.

Mchungaji alisema upele unatibiwa kwa kuchemsha matandiko yote. Hakusema utafanya nini na mtoto uliyelala naye kitanda kimoja, ambaye anakupenda na anafanya kila unalofanya. Elia amekwisha lala, ameweka kibuyu kidogo karibu na kichwa chake. Amesema kesho anakwenda na mimi mtoni. Nilimwambia ni mbali. Akasema kama mimi ninakwenda, yeye anakwenda.

Njia ile ni nyembamba, atakuwa nyuma yangu. Kila nitakapokanyaga, atakanyaga hapo hapo.