Mpelelezi wa Kuchekesha na Mama Kulwa

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Sisi wazima; bibi yako yuko Ushetu kwa shangazi yako, wanavuna tumbaku. Umeniuliza kama mpelelezi wa filamu yako fupi ya kuchekesha ampate mwishoni yule mwanamke anayemtafuta.

Miaka ya hamsini, nikiwa mwandishi wa gazeti, niliona filamu kama hiyo kwenye ukumbi wa wachimbaji huko Geita. Mpelelezi mwenye koti refu alimtafuta mke wa tajiri huku akijikwaa kila mlangoni. Rafiki yangu Masanja alitafsiri kwa kipaza sauti. Mama Kulwa, aliyetoka Shinyanga kumtafuta mumewe, akasimama.

"Akimaliza, anitafutie na Baba Kulwa!"

"Mayu, huyu hata kofia yake haioni, na ipo kichwani!" Masanja akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. Tukacheka. "Haya, mumeo anaitwa nani?"

Akalitaja jina. Mchimbaji mmoja nyuma akasema taratibu, "Huyo tulimzika."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Kulwa akakaa, akaitazama filamu mpaka mwisho.

"Na huyo," akauliza, "amempata?"

Mpelelezi hakumpata.

"Amempata, mayu," Masanja akasema.

Masanja alijuta kuuliza lile jina mpaka uzeeni. Mpelelezi wako mwache aanguke atakavyo, lakini ampate.

Msalimie mama yako.

Babu