Mkwe Mtarajiwa Kagonga Gari Letu, Bibi Akiwa Ndani

Shangazi Celina, shikamoo. Waitu nisaidie, maana tangu Jumapili sili silali, na nikisikia gari linarudi nyuma barabarani nashtuka kama mwizi.

Tulikwenda Rubya, kule Muleba, kumzika baba mdogo wa mume wangu, gari tukaliegesha pembeni ya barabara kwenye migomba, tena vizuri kabisa, na mama mkwe wangu ambaye miguu inamsumbua akabaki amepumzika kiti cha nyuma, sisi tukarudi ndani kuaga wafiwa, kwaya inaimba kwa nguvu hata hatukusikia kitu, natoka namkuta mama kajikunyata, vioo vimejaa mapajani, mlango umeingia ndani, mkono kaushika hivi, na aliyegonga hayupo. Mawe, mama yangu! Nilipiga ukelele, msiba mzima ukahamia kwenye gari. Na aliyekuwa anafoka kuliko wote ni kijana anayemchumbia binti yangu Stellah, tumwite Mutalemwa, eti, "Ni mbwa gani huyu asiye na utu? Tukimkamata atatutambua!" Mimi nikajisemea moyoni, Mungu kanipa mkwe.

Shangazi, tulipofika nyumbani Bakoba ndipo mama mkwe akafungua mdomo. Ni yeye! Ni huyohuyo Mutalemwa, alikuwa anarudisha pikapu yake nyuma, akagonga, akashuka, akaja mpaka dirishani, akamwona bibi, akamwambia, "Shikamoo bibi," bibi akaitikia marahaba kwa mazoea tu, kijana akapanda gari lake akaondoka, kumbe alikwenda kulificha mbele huko akarudi kwa miguu kutupa pole. Nikasema mama kachanganyikiwa na mshtuko. Lakini jana nimepita kazini kwake nikaiona hiyo pikapu, taa ya nyuma imevunjika na rangi nyekundu ya gari letu imebaki kwenye bampa. Nikakaa chini palepale kando ya barabara.

Mume wangu anasema tunyamaze. Anasema kahawa yao ya posa tumekwisha kuitafuna mbele ya wazee, Jumamosi wanaleta mahari, akimpeleka mkwe polisi atapita wapi Muleba. Ameshamwita fundi anyooshe mlango, wageni wasije wakakuta gari limebonyea uani. Mama tumemfunga kitenge mkononi, hospitali hatujampeleka kwa sababu wataulizia PF3, na PF3 ni polisi. Stellah hajui lolote, kutwa yuko kwa fundi cherehani anapimwa gauni. Ninyamaze aolewe, au niseme niharibu?

Mama Stellah, Bakoba

*

Marahaba Mama Stellah, na pole sana. Nilianza kusoma ujumbe wako hapa studio nimesimama. Nilipofika kwenye hiyo shikamoo ilibidi nitafute kiti. Nimesikia ya walevi, ya wezi, ya wanaume wenye nyumba mbili, lakini mtu kugonga, kusalimia na kuondoka? Sijapata kusikia! Adabu ya kusalimia anayo, ya kuuliza "Bibi, umeumia?" hana.

Sasa na wewe nikugombeze. Mkono wa mama wa watu umeumia tangu Jumapili, nyinyi mmeufunga kitenge? Ili wageni wasione mlango? Ndiyo sisi Wahaya na fahari zetu, nyumba inaungua tunatafuta koti la kutokea nje. Mume wako mwambie hivi: kahawa tunamtafunisha mtu kwa kumkaribisha na kumwamini, hatumtafunishi ili bibi afungwe mdomo.

Mpigie fundi sasa hivi, asiguse hata skrubu moja. Huo mlango ndio ushahidi wako, ukishanyooshwa unabaki na maneno matupu. Lipige picha gari lote, kwa mbali na kwa karibu, na vioo vilivyobaki kwenye viti usivifagie. Kisha mkaripoti kwa trafiki. Mmechelewa, ndiyo, basi semeni ukweli kwa nini mmechelewa. Bima nao wapigieni leo hii, hawapendi kuletewa ajali iliyopoa. Habari ya ile pikapu waelezeni polisi, waende wakaikague wenyewe. Wewe usirudi kumfokea kazini kwake, wala usimpigie simu akiri, utampa nafasi ya kupaka rangi. PF3 mtapewa hukohuko kituoni, na mkono ukiwa umezidi kuvimba anzeni hospitali, fomu itafuata.

Unaniuliza kama utaharibu. Mama Stellah, aliyeharibu alishuka, akaangalia, akaona. Kuogopa naelewa, hata mimi ningetetemeka. Lakini huyu alipata muda wa kuficha gari, akatembea kurudi, akafoka kuliko wafiwa. Huo si woga, hiyo ni akili ya mtu aliyekaa akapanga. Jumamosi iahirisheni, semeni nyumbani kuna mgonjwa, na wala si uongo. Akija na wazee wake akamwangukia bibi, msikilizeni, ila jalada la polisi libaki lilipo. Kuolewa au kutoolewa ataamua Stellah, si wewe, si baba yake, si mimi. Ila hawezi kuamua jambo asilolijua, na wewe mama yake ndiye unayemficha.

Kwa hiyo zima redio. Mwinue mama mkwe taratibu, umkalishe kiti cha mbele, mlango ubaki hivyohivyo ulivyobonyea, anayetaka kuuona auone. Njiani mpitie Stellah kwa fundi cherehani, mwambie avue hilo gauni aingie garini. Bibi yake ndiye atakayemsimulia.