Kadi ya Neno "Request" na Barua ya Shangazi

KIKAO CHA 31 CHA KAMATI YA KAMUSI YA MAKARANI

Tarehe: Jumanne, tarehe 9
Mahali: Chumba cha kadi, ghorofa ya pili
Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu mstaafu), Mkutubi, Mhakiki (maarufu kama Bwana Koma), Katibu
Aliyealikwa: Shangazi (ndivyo wote tunavyomwita), mfanya usafi wa ofisi
Asiyehudhuria: Mpiga chapa, aliyesema ana mafua

KUMB. NA. 1/31: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:20 mchana, baada ya wajumbe kukaa muda mrefu wakipekua makaratasi bila kutazamana. Ajenda ilikuwa moja: kadi ya neno "request".

KUMB. NA. 2/31: MAANA, MATUMIZI NA ASILI
Bwana Koma aliisoma kadi. Maana: ombi, au kuomba kwa adabu, hasa kwa maandishi. Matumizi: husikika ofisini kuliko nyumbani, mtu humwandikia mwenye uwezo wa kukubali au kukataa. Asili: Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa cha zamani, na mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutafuta au kuuliza tena. Mkutubi alihoji kwa nini tunasomewa kadi tuliyokwisha kuipitisha. Bwana Koma alisema anataka iandikwe kwamba upande wake hauna kosa. Mwenyekiti alimwambia akae chini.

KUMB. NA. 3/31: SENTENSI YA MFANO
Katibu alieleza kwamba, kwa utaratibu wetu, sentensi ya mfano haitungwi. Huokotwa kwenye maandishi halisi ya watu. Wiki tano zilizopita alikuta kwenye trei yake barua ya Kiingereza ya mistari minne, mwandishi akiomba siku tatu akamwone mama yake mgonjwa. Alifurahi jinsi neno lilivyokaa mahali pake. Aliukata mstari wenye neno hilo, akaubandika kwenye kadi. Kikao cha 29 kiliujadili kwa dakika hamsini, kikausifu kuwa "mfupi na wenye adabu", na wote tukatia saini. Kipande kilichobaki kiliwekwa kwenye faili la vyanzo.

Barua ilikuwa ya Shangazi, na ilikuwa imeandikwa kwa Katibu. Hakuna aliyeijibu. Jambo hili liligundulika Ijumaa, Mkutubi alipomgombeza Shangazi kwa kukosekana kazini siku mbili, akaambiwa alikwenda msibani.

Mkutubi alisema alidhani Katibu ameshajibu. Bwana Koma alisema hakutazama mwandishi ni nani. Mwenyekiti alisema yeye ndiye aliyeisoma kwa sauti, tena mara tatu, kwa hiyo wasitafute wa kumbebesha lawama. Katibu alikiri kwamba jina aliliona, akalikata, kwa kuwa kadi zetu hazibebi majina. Anaona aibu, na ameomba iandikwe hivyo.

KUMB. NA. 4/31: MAELEZO YA SHANGAZI
Shangazi aliitwa ndani. Alikataa kiti. Mwenyekiti alimpa pole kwa kufiwa na mama, kisha akamuuliza kwa nini hakukumbusha. Alijibu hivi:

"Nilimwambia mpwa wangu aniandikie Kiingereza, maana nyinyi ndicho mnachokipenda. Sasa siku ile napiga deki koridoni, nikasikia mnaisoma, maneno yale yale aliyonisomea mpwa. Mnasoma, mnarudia, mnabishana. Nikasema moyoni, ee, leo wakubwa wananihangaikia. Nisiwaingilie, ngoja wamalize. Na kuondoka tu sikuweza, aliyenitangulia si mlimfukuza kwa kutoaga? Mlipogonga meza kwa furaha nikajua nimepewa. Nikawa nasubiri kuitwa."

Aliongeza kwamba tangu siku ile alisubiri siku tisa, hadi habari za msiba zilipomfikia, na alipofika kwao alikuta mama ameshazikwa.

Mkutubi alilia. Bwana Koma alipendekeza iandaliwe barua ya radhi, ipitiwe na wajumbe wote. Mwenyekiti alimkemea.

KUMB. NA. 5/31: MAAMUZI
Kadi iliondolewa. Mwenyekiti alimtangazia Shangazi siku saba za mapumziko, kuanzia kesho, bila yeye kuandika barua.

Shangazi alishukuru, akauliza akazitumie kwenda kumwona nani.

Wajumbe waliondoka mmoja mmoja kuanzia saa 9:05, bila Mwenyekiti kutamka kwamba kikao kimefungwa.

Mwenyekiti: (saini)
Katibu: (saini)