Zainabu Hajui Jina Lake

Dada Mwajuma, shikamoo. Hapa Kilosa ni mvua na matope, ila mahindi ya kuchoma ni matamu. Anayenichosha ni mdogo wetu Athumani. Binti yake, yule aliyempa jina la marehemu mama yetu, nyumba nzima wanamwita Sista Du, kama wasichana wa Dar es Salaam wanaovaa mawigi. Mtoto wa miaka minne! Nikimwita Zainabu, hageuki.

Jana akatupotea sokoni. Athumani akapaza sauti, "Sista Du! Sista Du!" Wakageuka wasichana wawili, mmoja akamjibu, "Baba mzima, huna haya?" Mtoto tulimkuta analia mbele ya duka la ushirika, kila aliyemwuliza jina aliishia kucheka.

Nikamwambia Athumani, "Jina la mama yetu hata mtoto mwenyewe halijui!" Akainama, akambeba mtoto mgongoni. Njia nzima akawa anamfundisha, "Sema, naitwa Zainabu Athumani."

Mtoto akakazana, "Naitwa Sista Zainabu."

Nimeshindwa, dada. Nibusie watoto, na ukinge kifua chako na hii baridi.

Mdogo wako, Asha